Kabla Hujamsikiliza Mtu wa Kwanza

Nyemo mwanangu,

Wewe uko chumbani unapanga mashati, mimi niko mezani sebuleni, na kati yetu kuna pazia tu. Ningeweza kukuita. Lakini najijua. Nikikuita nitaanza kukuuliza kama umeweka sweta, maana Kibakwe ni milimani na baridi yake si ya huku kwetu Nzuguni. Tukimaliza sweta tutahamia kwenye sabuni, na jua litazama sijasema lililonikaa moyoni. Sweta utaweka au hutaweka, wewe ni mtu mzima. Nimeamua kuandika.

Nianze na ile simu. Majina ya vituo vya mafunzo yalipotoka na ukaona umepangiwa wiki nane kwenye kituo cha afya Kibakwe, wewe ulifurahi. Mimi kesho yake nikampigia mama mmoja niliyesoma naye, ana ofisi hapa mjini, nikamwomba akuchukue wewe ufanyie mafunzo kwake. Akakubali palepale. Nikakuletea habari hiyo wakati wa chakula kama mtu anayeleta zawadi. Ukaacha kula.

"Mama, pale nitafanya nini?"

"Utakaa na maofisa, utajifunza kazi."

"Nitajifunza kutoa kopi na kupeleka mafaili. Mwisho wa wiki watanigongea muhuri. Mama, mimi nasomea watu. Nitawajua lini?"

Nilikusanya vyombo. Siku tatu nilikuwa nakujibu kwa mkato, na nadhani uliamini nimenuna kwa sababu umeniaibisha mbele ya rafiki yangu. Rafiki yangu hata hakujali. Mimi niliogopa, Nyemo. Nilikuona umekaa kwenye chumba kidogo, mtu ameketi mbele yako, anakueleza jambo ambalo hajawahi kumweleza mtu, nikakumbuka kwamba mimi niliwahi kukaa kwenye chumba cha namna hiyo, na yaliyotokea humo sijakueleza mpaka leo. Baba yako anajua kwamba niliacha kazi ya ushauri. Sababu yenyewe hajui.

Wewe ulikuwa na miaka miwili. Tuliishi Kongwa, nikifundisha jiografia kwenye shule moja ya sekondari ya kata. Siku moja mkuu wa shule akaniita, akasema wilaya inataka kila shule iwe na mwalimu wa malezi na ushauri, na kwa maoni yake mimi nafaa kwa kuwa sina makelele. Ndiyo ilikuwa sifa yangu. Nikapelekwa semina ya siku tatu, nikarudi na cheti na kabrasha, nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Nilikifagia, nikaweka viti viwili na kitambaa mezani. Nilijivunia chumba kile, nisikufiche.

Wiki za kwanza walikuja wanafunzi wachache, wengi wakikwepa kipindi cha hisabati. Kisha akaja Yudita.

Alikuwa kidato cha pili, msichana mrefu, mwandiko wake mzuri kuliko wa walimu wengi. Muhula ule alianza kulala darasani. Hakuwa anasinzia tu, alikuwa analala kabisa, kichwa juu ya daftari. Nilimwita mimi mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Yudita. Keti."

Akaketi. Semina ilitufundisha kwamba mtu akinyamaza, na wewe nyamaza. Nikanyamaza. Nje upepo wa kiangazi ulikuwa unapiga mabati. Baada ya muda mrefu akasema, "Mwalimu, nikikwambia, utamwambia mtu?"

"Simwambii mtu yeyote," nikasema.

Akaeleza. Mama yake alikuwa anasikia watu wakiongea ambao hawapo. Siku nyingine alitaka kutoka nje aende wanakomwita, na Yudita ndiye aliyekesha mlangoni ili amzuie. Baba alikwishaondoka. Majirani walidhani mama ana malaria ya mara kwa mara, kwa sababu ndivyo Yudita alivyowaambia. Alikuwa amebeba uongo ule peke yake karibu mwaka mzima. Alipomaliza alijifuta uso kwa kola ya shati la shule, akaniambia, "Leo nimepumua." Akarudi darasani.

Na mimi nilipumua, mwanangu. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimeanza kuwa mtu wa maana.

Siku mbili baadaye tulikuwa ofisini kwa walimu, saa ya chai. Kulikuwa na viazi vya kuchemsha. Mwalimu wa hisabati akalalamika kwamba yule binti anayelala amemchosha, safari hii atamchapa mpaka usingizi umtoke. Wawili watatu wakamuunga mkono. Nikasema, "Mwacheni yule mtoto."

"Kwa nini tumwache? Ana nini?"

Nikawaambia. Sauti, mlango, baba aliyeondoka, malaria ya uongo. Yote. Wakanisikiliza, mwalimu mmoja wa kike akasema masikini, na fimbo haikutajwa tena.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya vile kumtetea. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine imenichukua muda mrefu kuikubali: nilitaka waone kwamba mtoto amekuja kwangu. Walinicheka nilipopewa ile stoo ya majembe, na sasa nilikuwa na kitu mkononi ambacho wao hawana. Ningeweza kusema tu, "Ana matatizo nyumbani, nayashughulikia," na ingetosha. Nilijua kwamba ingetosha. Nikaendelea kusema.

Jumatatu iliyofuata Yudita akasinzia tena kwenye hisabati. Mwalimu yule hakumchapa. Alimwambia tu, na nina hakika kwake ulikuwa utani, "Amka wewe, au na wewe umeanza kuzisikia hizo sauti?"

Darasa likacheka bila kujua linacheka nini. Mpaka mapumziko walikuwa wameshajua, maana maneno ya ofisini kwetu hayakukaa ofisini. Mimi nilikuwa nafundisha chumba cha jirani. Nilimwona Yudita akipita dirishani na madaftari yake yote kifuani, anatembea taratibu kama mtu aliyeruhusiwa. Hakugeuka. Hakurudi shuleni tena.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilikaa siku kumi na moja bila kufanya chochote. Nilijiambia anaumwa. Nilijiambia nikienda nitamwongezea maumivu. Nilijiambia mwalimu wa hisabati ndiye aliyemuumiza, mimi sikumcheka. Kila asubuhi nilifungua chumba changu cha ushauri, nikapangusa vumbi mezani, nikakaa. Hakuja mwanafunzi hata mmoja. Watoto wanajua, Nyemo. Hawakuhitaji kuambiwa.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi, nilikuacha kwa jirani, nikaenda kwao kwa miguu.

Mama yake alikuwa nje anapepeta uwele. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, tukasalimiana kwa Kigogo, salamu ndefu kama inavyotakiwa. Hakuonekana na lolote siku ile. Nikamuuliza Yudita. "Amekwenda kisimani," akasema, na hapohapo nikasikia mtu anakohoa ndani ya nyumba. Sote wawili tulisikia. Nikanywa maji niliyopewa, nikaaga.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta nje, anabangua karanga. Njia nzima nilikuwa nimeipanga hotuba yangu kichwani. Nikaanza: "Yudita, nimekuja kwa sababu..." Akanikatiza bila kuinua macho.

"Mwalimu, hizi ni za mbegu. Ukizipasua ganda la ndani hazioti vizuri. Kama utakaa, bangua polepole."

Nikakaa. Nikabangua. Vidole vyangu vilikuwa vya chaki, vikauma haraka. Tulibangua mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na hotuba yangu nikaiacha. Mwisho yeye ndiye aliyesema.

"Ulinisikiliza vizuri sana, Mwalimu. Ndiyo maana nilisema yote. Ungenisikiliza vibaya ningenyamaza, na leo ningekuwa shule."

Mwanangu, katika kabrasha lote la semina hakukuwa na sentensi kama hiyo. Tulifundishwa namna ya kumfungua mtu. Hatukufundishwa kwamba ukishamfungua, umeshika kitu chake.

Jumamosi ya tatu nilimuuliza, "Nifanye nini?"

"Waambie."

"Nani?"

"Wale uliowaambia. Waambie hukuwa na ruhusa."

Nilidhani ataniomba nimrudishie nafasi yake shuleni, au nimwombe radhi mama yake. Aliomba kitu kile tu, na kilikuwa kigumu kuliko vyote. Jumatatu, kwenye kikao cha walimu, nilisimama. Nikasema habari niliyoitoa juu ya mwanafunzi wa kidato cha pili haikuwa yangu kuitoa, nilimwahidi mtoto sitaisema, nikaisema, na shule imempoteza kwa ajili ya mdomo wangu. Mkuu wa shule akasema kwa upole, "Mwalimu, haya mambo yameshapita." Nikasema hayajapita, mtoto yuko nyumbani. Wengine walitazama vikombe vyao. Mwalimu wa hisabati alitoka kabla kikao hakijaisha, na mpaka nilipohama Kongwa hakuwahi kunisemesha juu ya jambo lile. Labda alilibeba. Labda hakulibeba. Sikupewa kujua.

Nilirudi kwa Yudita kumwambia nimesema. Akaitikia kwa kichwa, basi. Lakini safari ile mama yake hakuwa mzima, na Yudita hakunificha. Alisema, "Nisaidie kumshika mkono." Wiki ile tuliwahi basi la asubuhi watatu, tukamleta hospitali ya huku mjini, akaonwa, akapewa dawa. Hakupona kama mtu anavyopona malaria. Alipata nafuu, akarudi nyuma, akapata nafuu tena. Yudita alianza upya mwaka uliofuata, shule nyingine kabisa, kwa shangazi yake, na barua ya uhamisho niliifuatilia mimi wilayani mpaka makarani wakanizoea. Alimaliza kidato cha nne. Kwenye shule yetu hakukanyaga tena, na mimi nilirudisha ufunguo wa kile chumba. Nikarudi kwenye ramani na mito.

Miaka yote hii nimeamini kwamba kurudisha ufunguo ule ilikuwa adhabu yangu ya haki. Ulipoanza kusoma saikolojia, mjomba wako akacheka eti utakuwa unasoma mawazo ya watu, nikacheka naye, ila moyoni niliogopa. Ndipo majuzi, uliponikatalia ile ofisi ya mjini, nikaiona sura nyingine ya jambo. Watoto waliokuja nyuma ya Yudita kwenye shule ile hawakuwa na mtu. Mimi niliyekwishajua kosa linavyouma, niliyekuwa nimejifunza kwa gharama ya mtoto wa watu, niliondoka na somo lenyewe, nikalifungia ndani. Hilo ni kosa langu la pili, na limekaa miaka mingi kuliko la kwanza.

Kwa hiyo nenda. Siandiki haya ukae.

Utakosea huko. Sikuombei usikosee, nakuombea uwe mwepesi kusema. Una msimamizi, mimi sikuwa naye. Siku ukihisi umeharibu, mwambie siku hiyohiyo, usingoje siku kumi na moja ukipangusa meza. Na katika daftari lako la mafunzo, lile ambalo nyote mnajaza mambo mazuri ili mpate alama, andika na siku zilizokwenda vibaya. Bila majina.

Usiahidi nilichoahidi mimi. "Simwambii mtu yeyote" ni neno tamu, linamfanya mtu akupende papohapo, lakini hulimiliki. Akikwambia anataka kujiua, itabidi useme kwa msimamizi. Akikwambia kuna mtoto anaumizwa, itabidi useme. Mwambie hivyo mapema, kabla hajafungua kinywa. Wengine watainuka waondoke. Inauma kumwona mtu akiinuka. Waache waamue wakiwa wanajua.

Halafu kuna Kigogo. Chako ni cha salamu na vyakula, na kosa ni langu, nilitaka ukue na Kiswahili cha mjini usichekwe darasani. Pale kituoni watakuja wazee ambao shida yao wanaijua kwa lugha ya nyumbani tu, na wako wengine wa milimani ambao lugha yao hata mimi siijui. Atakwambia moyo unamchoma, na hutajua kama anasema kifua au huzuni. Usiitikie kama umeelewa. Muulize tena, muulize mara tatu. Ukihitaji muuguzi akutafsirie, mwombe mzee ruhusa kwanza, maana mkalimani naye ana masikio, na pengine ni mkwe wa mtu.

Nimeandika kama nakufundisha, nisamehe, ni ugonjwa wa walimu. Kuna mambo uliyonifundisha wewe. Mwaka jana, kwenye mradi wenu wa kuwahoji akina mama wa sokoni, ulirudi na fomu nyingi hazijajazwa, umechoka, umekasirika kwamba hawajibu. Nikakwambia, "Si ujaze mwenyewe hizo zilizobaki? Nani atajua?" Mimi, mama yako, mwalimu. Ulinitazama, ukazikusanya fomu zako. Kesho yake ukarudi sokoni bila fomu, ukakaa nao kwenye nyanya siku nzima, na siku iliyofuata ndiyo ukaenda na maswali. Wakajibu. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo: nilijificha jikoni kwa sababu nilishindwa kukutazama. Mtu anayeweza kurudi sokoni vile anaweza kukaa na watu wa Kibakwe.

Utachoka. Kuna siku hatakuja mtu hata mmoja, utaona muda unapotea na wenzako mjini wameshamaliza ripoti. Siku hizo fagia uwanja na wahudumu, pima uzito wa watoto kama watakuruhusu, jua majina ya watu. Usipande basi kurudi. Ukipanda, nitakupokea na nitakupikia, kisha asubuhi nitakusindikiza stendi urudi. Nimeshaamua.

Jambo la mwisho. Nilipoanza kufikiria kukuandikia, niliona nataka kufanya tena kilekile: kumweleza mtu habari za Yudita. Hata kama mtu huyo ni mwanangu. Kwa hiyo wiki iliyopita niliitafuta namba yake, nikapiga. Ana shamba la alizeti sasa, na cherehani mbili, na mama yake anaishi naye. Nilimweleza kwamba ninaye kijana anayekwenda kujifunza kazi ya kuwasikiliza watu, na kwamba ninatamani kumweleza kilichotokea kati yetu, jina na yote, lakini kama hataki, nitafunga mdomo na sitamuuliza sababu.

Nikasikia cherehani imesimama upande wake.

Akaniuliza, "Ni mtoto wa namna gani?"

Nikamwambia habari za soko na zile fomu.

"Mama yangu yupo hapa," akasema, "ngoja na yeye nimuulize." Nikangoja. Nikawasikia wakiongea Kigogo, sikuelewa maneno kwa sababu ya upepo kwenye simu, nikamsikia mama akicheka kidogo. Kisha Yudita akarudi.

"Mama amekubali. Na mimi nimekubali. Mwandikie, Mwalimu." Halafu akasema, "Safari hii umeniuliza."

Haya uliyoyasoma ni mali yao, Nyemo, na ruhusa waliyotoa ni ya kwako peke yako. Baba yako hayumo. Mjomba wako hayumo. Hata mwalimu wako wa chuo hayumo, hata kama ungepata mfano mzuri wa ripoti. Umepewa kitu cha watu ukiwa bado uko nyumbani. Kishike hivyohivyo kwa wiki nane, na baada ya hapo.

Mama yako